Sakafu ya karakana iliyolewa mafuta: namna ya kuchagua cha kuifunika

Kosa langu la kwanza lilikuwa rangi nyekundu ya sakafu, makopo mawili ya lita 4. Karakana yangu ni chumba cha mita 4 kwa 6 upande wa Kariobangi, Nairobi. Natengeneza pikipiki na jenereta, na mara moja moja gari dogo la jirani. Muuzaji aliniambia rangi inakauka kwa saa nane. Nikafagia, nikamwaga maji ya sabuni, nikapiga rangi Jumamosi. Jumatatu nikaingiza gari, Probox iliyotoka safari, magurudumu yakiwa bado moto. Ilipotoka jioni, kila gurudumu liliondoka na kipande cha rangi saizi ya sahani, kama kigaga kilichobanduliwa kabla kidonda hakijapona. Chini yake lilikuwepo doa lile lile jeusi, limetulia tu.

Fundi mzee wa plot ya pili, tunayemwita Guka, alikuja akasimama mlangoni akaangalia. "Kijana, hiyo sakafu imelewa. Mlevi humvishi suti. Unamngoja alevuke."

Tangu siku hiyo nimefunika sakafu yangu na za majirani kadhaa, nyingine zikakaa, nyingine zikanifundisha. Hizi ndizo hatua ninazofuata sasa, na nusu yake zinakuja kabla hujafika dukani.

Hatua ya 1: Soma madoa

Si kila doa ni adui. La kutu, lile la rangi ya chai, ni sura mbaya tu. Rangi itashika juu yake mradi kutu yenyewe imekwanguliwa. Rangi ya zamani iliyodondoka nayo ni hivyo hivyo.

Doa jeusi linaloteleza ukipitisha kidole ni oili ya injini au grisi. Zege lina vitundu vidogo kama sifongo, na oili huzama humo kidogo kidogo kila siku. Unayoiona juu ni kidogo tu. Hilo ndilo doa la kuogopa.

Mahali pa betri utaona zege limechimbika, limekuwa chembechembe na ukingo mweupe. Hiyo ni asidi ya salfuriki imekula saruji. Usifunike shimo. Gonga mpaka ufike kwenye zege gumu, safisha, kisha ziba.

Unga mweupe unaorudi kila ukifagia, hasa kando ya ukuta, ni chumvi inayopandishwa na maji kutoka chini. Ukiuona, fahamu kwamba tatizo lako ni unyevu, hata kama sakafu yote ina oili.

Mafuta ya breki yananyamaza sana. Hayaachi doa la kutisha, lakini ndiyo yanayomenya rangi ya kawaida haraka kuliko oili. Ukitengeneza breki kila siku, hilo litaamua mengi huko mbele.

Hatua ya 2: Ipime

Vipimo ni vinne, na hakuna hata kimoja cha kununua mashine.

Tone la maji. Dondosha maji kidogo mahali kumi tofauti, pakiwemo katikati ya doa na pembeni pasipo doa. Maji yakinywewa na zege likawa jeusi kwa dakika moja mbili, mlango uko wazi, rangi itaingia. Yakikaa juu kama shanga, kuna oili, au nta, au dawa ya zamani. Zungushia chaki kila mahali yanapokaa kama shanga. Mimi mara ya kwanza nilizungushia mara tatu nikachoka, nikaona ni afadhali nizungushie sehemu iliyo safi.

Plastiki. Kata karatasi ya plastiki ya ujenzi yenye upana wa sentimita 45 kila upande, ibandike sakafuni kwa tepu pande zote nne bila kuacha mwanya, iache kuanzia jioni hadi kesho yake mchana. Isipungue saa 16. Ukifunua ukakuta jasho chini ya plastiki au zege limegeuka jeusi, maji yanapanda. (Usitafute juala la dukani la kutumia, yalipigwa marufuku Agosti 2017. Nenda hadwea ukatiwe mita moja ya karatasi ya ujenzi.) Kipimo hiki kifanye msimu wa mvua kama unaweza, kati ya Machi na Mei au Oktoba na Desemba. Sakafu iliyo kavu Februari inaweza kutoa jasho Aprili.

Nyundo. Gonga polepole sakafu nzima ukisikiliza. Sauti nzito, pako sawa. Sauti ya debe tupu, ile plasta ya juu imeachana na slabu, na chochote utakachobandika hapo kitaondoka pamoja nayo.

Msumari. Kwaruza kwa nguvu. Ukitoka unga mwingi, zege ni laini, huenda saruji ilipunjwa, na litang'oka na rangi.

Halafu angalia nyufa. Upande wa Eneo la Viwanda, Embakasi na South C kuna ule udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kusinyaa kiangazi. Ufa unaofunguka na kufunga kila msimu hauzibwi na rangi yoyote. Piga mstari wa penseli kukatiza ufa, andika tarehe, rudi baada ya miezi miwili mitatu. Ukikuta mstari umeachana, ujue sakafu bado inatembea. Kigae kitapasuka papo hapo.

Hatua ya 3: Orodhesha kinachoanguka

Kaa siku nzima na kipande cha karatasi, uandike kila kinachogusa sakafu: petroli, oili, cheche za kuchomelea, gundi, vanishi, nyundo, gurudumu la jeki, miguu yako mwenyewe kwa saa kumi. Sakafu ya fundi wa gari, ya mchomeleaji na ya seremala ni sakafu tatu tofauti hata zikiwa plot moja.

Mchomeleaji akae na zege tupu. Cheche hutoboa vinili, huunguza mpira na kuacha vidonda kwenye epoksi, ile rangi ngumu ya kuchanganya makopo mawili. Akitaka kulinda zege chini ya meza yake, alaze bamba la chuma, basi.

Hatua ya 4: Uliza sakafu ni ya nani

Hapa Nairobi wengi wetu tumepanga. Ukipiga epoksi kwenye chumba cha kupanga umempa mwenye plot zawadi, na kuna wenye plot wanaopandisha kodi kwa sababu ya zawadi hiyo hiyo. Kama huna mkataba wa miaka kadhaa mkononi, chagua kitu utakachokikunja siku ya kuhama. Na kabla ya kubandika chochote, mwambie mwenyewe, kwa simu na kwa ujumbe ulioandikwa, ili deposit yako isije ikaliwa kwa jina la sakafu.

Hatua ya 5: Sasa chagua

*Kuacha wazi na kuimarisha.* Hili watu hulidharau. Kuna dawa za maji za silikati ambazo huingia ndani ya zege, zikaungana na chokaa iliyomo na kulifanya gumu, lisitoe vumbi. Hazibanduki kwa sababu hazina ngozi ya kubanduka. Madoa ya zamani yatabaki yakionekana. Kwa karakana ambayo wateja hawaingii, mimi ningeishia hapa na pesa zilizobaki nikanunua jeki nzuri. Lakini hata dawa hii haiingii palipojaa oili, kwa hiyo hatua ya 6 inakuhusu.

*Rangi ya kawaida ya sakafu.* Ile nyekundu au ya kijivu inayouzwa kila hadwea. Inafaa chumba cha vipuri, ofisi, mahali pa miguu. Gurudumu la moto huilainisha na kuinyanyua, kama nilivyosimulia. Wengine hudhani ni sawa na ule wekundu wa sakafu za nyumba nyingi za zamani za Eastlands, zilizosuguliwa nta mpaka zikawa kama kioo. Ule si rangi ya juu. Ni oksaidi iliyochanganywa na saruji ikapigwa mwiko ingali mbichi.

*Epoksi ya makopo mawili.* Hii ndiyo inayovumilia oili, petroli na magurudumu, ikipigwa juu ya zege safi na kavu. Kopo moja ni rangi, la pili ni kigumishi, na uwiano ulioandikwa kwenye kopo hauna mjadala. Ukizidisha kigumishi ukidhani itakauka haraka, utapata sakafu inayonata mpaka Krismasi. Udhaifu wake: jua huigeuza manjano, kwa hiyo mlangoni panapopigwa na jua patabadilika kwanza, na unyevu wa chini huisukuma ikafanya malengelenge. Sakafu iliyotoa jasho chini ya plastiki isipigwe epoksi ya kawaida. Mafuta ya breki pia yafutwe mara yanapomwagika.

*Vigae.* Vigae vizito vya sakafu havinyonyi oili, ila grauti katikati yake inanyonya, na baada ya mwaka utakuwa na miraba mizuri iliyochorwa kwa mistari myeusi. Jambo la pili ni jeki. Uzito wa upande mzima wa gari unakaa kwenye magurudumu yake madogo ya chuma. Chini ya kigae kukiwa na uwazi hata wa sentimita mbili, kinalia na kupasuka. Kwa saluni au duka la vipuri, sawa. Kwa gereji, hapana.

*Mkeka wa mbao.* Ndiyo, ule wa vinili wenye sura ya mbao ambao umejaa sebuleni kote mjini. Unauzwa bei nafuu na unapendeza siku ya kwanza. Mpira wa gurudumu ukikaa juu ya vinili huacha doa la kahawia lisilotoka kwa sabuni wala thina, kwa sababu kemikali za mpira zimehamia ndani ya vinili yenyewe. Mkeka wa mpira uliolazwa juu ya vinili hufanya vivyo hivyo.

*Vigae vya plastiki vya kushikana.* Vile vyenye meno, unavigonga kwa nyundo ya mpira vikaingiana. Havihitaji gundi, kwa hiyo sakafu yaweza kulewa itakavyo. Oili ikimwagika nyingi itapita kwenye viungo ikakae chini, basi mara mbili kwa mwaka ng'oa, osha, rudisha. Kwa aliyepanga, na asiyechomelea, hili ndilo chaguo langu. Epuka rangi nyeupe mahali gari linalala.

*Mikeka ya mpira.* Ile minene ya kulalia ng'ombe wa maziwa, wanaoifahamu wafugaji wa Kiambu. Mbele ya meza ya kazi hakuna kinachoishinda; magoti na mgongo vitakushukuru, na spana ikianguka haipasuki wala haipasui. Lakini mpira wa kawaida huvimba ukinywa oili na petroli. Usiuweke chini ya injini inayovuja.

*Plaiwudi.* Ya seremala. Patasi ikianguka inabaki na makali yake. Tandaza karatasi ya plastiki kwanza, kisha mbao za milimita 18, ukiacha nafasi ya kidole ukutani ili zivimbe bila kunyanyuka. Gari lisipite.

*Kumwaga zege jipya juu.* Kama sakafu imechimbika na inalia debe tupu, hakuna rangi itakayoikomboa. Tabaka jipya la saruji na mchanga lisiloshikana na la chini lisipungue milimita 50, la sivyo litapasuka na kujikunja pembeni. Lisubiri siku 28 kabla ya kupigwa epoksi. Na kumbuka mlango: umepandisha sakafu kwa sentimita tano, je, bado utafunguka?

Hatua ya 6: Kulevusha sakafu

Ukichagua chochote kinachoshikana na zege, hii ndiyo kazi yenyewe. Kupiga rangi ni starehe ya mwisho.

Anza na kukwangua grisi nene kwa skrepa. Usimwage maji bado, maji huieneza oili. Mwaga unga wa mbao au saruji kavu, usugue kwa kiatu, uache usiku kucha, ufagie. Rudia. Kisha tumia dawa ya kuoshea injini, isugue kwa brashi ngumu, iache dakika 15 hadi 20 bila kukauka, sugua tena, ndipo usuuze kwa maji moto.

Watu wengi hukimbilia magadi au kostiki soda kwa sababu vinasafisha sufuria. Vinafanya hivyo kwa kugeuza mafuta ya kupikia na ya wanyama kuwa sabuni. Oili ya injini inatoka kwenye mafuta ghafi ya ardhini, haigeuki sabuni hata ukiipika muda wa kuivisha githeri. Inahitaji dawa yenye uwezo wa kuinyanyua na kuishika ndani ya maji. Petroli nayo inaiyeyusha na kuipeleka chini, huku mvuke wake ukitafuta cheche chumbani. Usiitumie.

Doa sugu lifanyie uji: chukua unga wa mbao, uchanganye na dawa ile mpaka uwe mzito kama ugali laini, upake unene wa kidole, ufunike kwa plastiki usiku mmoja, kisha funua ukauke. Unapokauka unavuta oili kupanda juu. Doa langu la katikati lilihitaji mara nne. Mara ya kwanza uji ulitoka mweusi tititi, ya pili kama kahawa, ya tatu kama chai ya maziwa, ya nne nikaona rangi ya unga wenyewe.

Tone la maji tena, kwenye kila duara la chaki.

Baada ya oili kutoka ndipo unakwaruza zege ili rangi ipate meno. Njia ninayoipenda ni grainda yenye diski ya almasi ya umbo la kikombe. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, si kitambaa, maana vumbi la zege linakaa kwenye mapafu. Kuna wanaotumia asidi ya haidrokloriki. Asidi haiondoi oili hata kidogo; inakula zege tu, na palipo na oili haigusi. Ukilazimika, mimina asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, milango wazi, glavu na miwani. Usiikutanishe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, mvuke wake unaua. Hapa sasa ndipo magadi yanafaa: yanyunyize kuua asidi iliyobaki, kisha suuza mara mbili.

Matope meusi yote hayo yasielekezwe mtaroni. Mitaro yetu inamalizikia mtoni. Yachote na unga wa mbao, yatie kwenye jerikani pamoja na oili chafu, ngojea anayekusanya.

Hatua ya 7: Hesabu, jaribu, piga

Lita moja ikitandazwa unene wa milimita 0.1 inafunika mita mraba 10. Chumba changu ni mita mraba 24, kwa hiyo kila mkono, yaani tabaka moja la rangi, ni lita 2.4, na mikono miwili ni lita 4.8. Zege lenye kiu hunywa zaidi mkono wa kwanza. Nilinunua lita 6 na ikabaki vikombe viwili. Angalia pia kopo limeandika asilimia ngapi ni yabisi. Ikiwa nusu ni thina inayopaa, unene utakaobaki ni nusu.

Rangi? Kijivu cha wastani. Nyeupe itakutesa kwa kila alama ya kiatu, nyeusi itakumezea skrubu zote.

Piga kwanza kipande cha mita moja mahali palipokuwa na doa baya kuliko yote. Ngoja wiki. Chora msalaba kwa kisu, bandika tepu imara, ivute ghafla. Ikitoka na rangi, rudi hatua ya 6, na umeokoa rangi yote iliyobaki.

Usipige asubuhi za Julai, baridi inaposhuka karibu nyuzi 10 na zege bado lina umande usioonekana. Epoksi itafanya utando wa mafuta mafuta juu na mkono wa pili hautashika. Januari na Februari ndiyo miezi yake, kuanzia saa nne asubuhi. Changanya kiasi utakachomaliza kwa nusu saa. Niliwahi kuacha lita mbili ndani ya ndoo nikapokea simu. Niliporudi ndoo ilikuwa inatoa moshi na tumbo lake limelegea. Epoksi ikirundikana hujipikia yenyewe. Ichanganye, imwage sakafuni, uitandaze na rola ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Mkono wa mwisho unyunyizie mchanga laini mkavu pale unapokanyaga na miguu yenye oili, usije ukateleza na betri mikononi.

Miguu baada ya siku moja, ikiwa kuna joto. Jeki na magurudumu baada ya siku saba. Wakati huo egesha nje, na chini ya kila injini inayovuja weka jerikani la lita 20 lililopasuliwa ubavuni. Hilo libaki hapo hata baada ya siku saba kuisha.